Gongo la besiboli la kumaliza msimu: namna ya kulichagua kwa mchezaji wa sekondari

Magongo mengi ya besiboli hayafi kwa kutumika sana. Yanakufa kwa kupigishwa mpira usio wake, kwa kutolewa nje siku ya baridi, au kwa kununuliwa marefu kuliko mtoto mwenyewe, akawa anagonga kwa shingo ya gongo kila siku. (Na kabla mtu wa Tanzania hajashtuka: gongo la hapa ni la kupigia mpira, si lile la kwenye jerikeni.)

Mwongozo huu ni wa sekondari za Marekani hasa, ambako kanuni ya gongo ni kali, na ambako wazazi wengi wa Kiswahili wanakutana na mchezo huu mara ya kwanza mtoto akirudi nyumbani na karatasi ya timu. Mbele kidogo yapo pia magongo ya Kijapani, kwa ajili ya walimu wa Dar es Salaam.

Tukubaliane majina kwanza. Kichwa ni ile sehemu nene inayopiga mpira. Shingo ni pale kinapoanza kupungua kuelekea mkononi. Mpini ndio unaoshikwa, na mwisho wake kuna kifundo kinachozuia gongo lisichomoke. Kizibo ni kifuniko cha plastiki kwenye ncha ya kichwa. Gongo la mbao halina.

Hatua ya 1: Tafuta alama kabla hujapenda rangi

Tangu tarehe 1 Januari 2012, shule zinazofuata kanuni za NFHS, shirikisho la vyama vya michezo vya sekondari Marekani, hazikubali gongo lisilo la mbao bila alama ya BBCOR .50. Vyuo vikuu vilitangulia mwaka mmoja. Kipimo hicho kinaangalia ukuta wa gongo unaurudisha mpira kwa nguvu kiasi gani, na kiliwekwa ili gongo la chuma lisilipite la mbao kwa mbali, maana mrushaji amesimama mita 18 na nusu tu kutoka kwa mpigaji.

Alama huchapwa kwenye kichwa, ndani ya umbo la mstatili lenye kila upande usiopungua nusu inchi, kwa rangi inayoonekana dhidi ya rangi ya gongo. Ikiwa ni stika inayobanduka kwa ukucha, liache. Kisha pima mambo matatu: urefu usizidi inchi 36, kipenyo cha kichwa kisizidi inchi 2 na 5/8 (karibu milimita 67), na tofauti kati ya urefu kwa inchi na uzito kwa aunsi isizidi 3. Gongo la inchi 32 basi haliruhusiwi kuwa chini ya aunsi 29. Dukani utaona imeandikwa "-3", au 32/29.

Ukikuta -5, -8 au -10, hayo ni ya wadogo, hata kama yana alama nyingine kama USSSA au USABat. Bei yake inavutia na mtoto atalipenda kwa wepesi wake. Mwamuzi akiliona mchezoni, mpigaji anahesabiwa ametoka na kocha naye anaadhibiwa. Halafu kuna suala la uimara: wepesi ule umepatikana kwa kupunguza chuma. Kijana wa miaka 16 anayepokea mipira ya kasi ya sekondari ataubonyeza ukuta wake mapema mno. Gongo la softiboli nalo ni hivyo hivyo. Kipenyo chake ni inchi 2 na robo, na mpira mgumu wa besiboli hauliachi salama.

Alama peke yake haitoshi moja kwa moja, kwa sababu yapo magongo yaliyowahi kupitishwa kisha yakafutwa. Maabara ya michezo ya Washington State University, inayoyapima, huweka orodha hadharani. Tafuta jina la modeli na mwaka wake kabla ya kulipa, hasa kama unanunua la mkononi.

Hatua ya 2: Chagua malighafi

Hapa ndipo uimara unapoamuliwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

*Aluminiamu ya kipande kimoja.* Kichwa, shingo na mpini ni bomba moja, hakuna kiungo cha kulegea. Linapiga vizuri tangu siku ya kwanza, linavumilia baridi, na likizeeka linakuonyesha: linabonyea kidogo kidogo, mlio wake unabadilika, na mara nyingi unapata muda wa kutafuta jingine. Ubaya wake ni mtikisiko. Ukigonga mpira karibu na mkono siku ya baridi, ganzi inapanda mpaka kwenye viwiko. Mkanda mnene wa mpini, wa milimita 1.8 hivi badala ya 1.1, unapunguza adha hiyo, na ni kitu cha dola chache.

Namba kama 7046 au 7050 ni aina ya aluminiamu iliyochanganywa na zinki. Ni za kweli, lakini usizifanye msahafu. Aloi ngumu zaidi humpa mtengenezaji nafasi ya kufanya ukuta mwembamba zaidi, kwa hiyo gongo la "aloi bora" la dola 300 si lazima lidumu kuliko la dola 130. Mara nyingi lile la bei ya chini, lenye ukuta mnene na sifa chache kwenye boksi, ndilo linalozika mengine.

*Kompositi.* Ni tabaka za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Halitikisi mkono, sehemu yake nzuri ya kupigia ni pana, na uzito wake hupangwa popote mtengenezaji apendapo. Bei yake huenda dola 350 mpaka 500. Linafika likiwa gumu na linahitaji kulainishwa: mapigo 150 hadi 200 ya mpira halisi wa ngozi, ukianza na mpira uliowekwa juu ya kigingi kwa nusu ya nguvu, kisha mipira ya kutupiwa taratibu, na kila baada ya pigo ligeuze robo mzunguko. Usipoligeuza, upande mmoja unachoka na mwingine bado ni mbichi. Ufa utaanza pale pale palipochoka.

Mambo mawili huliua. La kwanza ni baridi. Chini ya nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi gundi inakuwa kavu na mpira wenyewe unakuwa mgumu kama jiwe, na watengenezaji wengi wanaonya wazi usilitumie. Fikiria mtoto yuko Minnesota au Ohio: msimu unaanza Machi, na mechi za mwanzo nyingi zinachezwa chini ya kiwango hicho. La pili ni mipira ya mashine. Ile ya njano yenye vishimo, inayotumika kwenye vizimba vya kulipia, ni migumu kuliko ya ngozi. Saa chache za mashine kila wiki zinaweza kulipasua gongo jipya kabla ya mechi ya kwanza, na waranti nyingi zinakataa hasara hiyo kwa maandishi.

Kuna pia watu wanaokodisha huduma ya kulibana gongo kati ya roli mbili ili lilainike haraka. Hiyo ni kulivunja gundi kwa makusudi. Kanuni inalihesabu kuwa limechezewa, na maisha yake yanakatika.

*Mchanganyiko.* Kichwa cha aluminiamu, mpini wa kompositi. Unapata uvumilivu wa chuma na mkono hauumi sana. Udhaifu wake ni kiungo cha shingoni. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, zungusha kama unayekamua nguo: lisicheze hata kidogo, wala lisilie.

*Mbao.* Gongo la mbao nzima ya kipande kimoja halihitaji alama ya BBCOR. Mianzi na mbao zilizounganishwa kwa gundi zinaihitaji, na wengi wanajikwaa hapo. Miti mitatu inatawala, na majina yake utayakuta yamechapwa hivi hivi kwenye gongo: maple, ash na birch. Maple ni ngumu, haichaniki juujuu, lakini ikivunjika inavunjika ghafla na kurusha vipande. Ash inajikunja na kusamehe. Ikikauka, uso wake unabanduka magamba. Birch iko katikati, na kwa mtoto anayejifunza mbao ndiyo tungempa.

Kwenye mbao soma nyuzi za mti kwanza, jina la kampuni baadaye. Zitazame kwenye mpini: ziwe zimenyooka kufuata urefu wa gongo. Zikikatiza na kutokea pembeni, hapo ndipo litakapovunjikia. Baada ya magongo ya maple kuvunjika hovyo kwenye ligi kuu ya Marekani mwaka 2008, magongo ya ligi hiyo yakaanza kuwekwa doa dogo la wino kwenye mpini. Wino unasambaa kufuata nyuzi, na mwelekeo wake usipotoke zaidi ya digrii 3. Huna kipimapembe dukani? Pima sentimita 10 kwenye mpini: uzi ukihama zaidi ya milimita 5 kwa upande katika urefu huo, umeshapita digrii 3. Gongo lenye doa hilo linaonyesha kwamba mtengenezaji hana cha kuficha.

Halafu mfundishe mtoto kushika nembo ikitazama juu au chini mpira unapogongwa, isitazame mpira wala nyuma. Watengenezaji hubandika nembo pale ambapo upande imara wa mbao utakutana na mpira, na upande huo si mmoja kwa miti yote: ash hupigia kwenye makali ya nyuzi, maple na birch kwenye uso wake. Nembo imekwisha kukufanyia hesabu.

Kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza au wa pili sekondari, chukua aluminiamu ya kipande kimoja. Kompositi mnunulie anayejua tayari kugonga mpira katikati ya kichwa, anayecheza kwenye joto, na mwenye gongo jingine la mazoezi.

Hatua ya 3: Saizi, kwa sababu saizi mbaya huvunja gongo

Sehemu nzuri ya kupigia iko kati ya sentimita 13 na 18 kutoka kwenye ncha. Gongo zito kuliko nguvu za mtoto linachelewa kufika, mpira unakuta shingo. Refu kupita kiasi, mpira uliorushwa karibu na mwili unakuta mpini. Vyote ni sehemu nyembamba ambazo hazikutengenezwa kupokea pigo. Mtoto akirudisha gongo lililovunjika mpinini, angalia alama za mpira ziko wapi kabla ya kulaumu kiwanda.

Saizi za sekondari ni hizi, kwa vipimo vyetu:

- 31/28: sentimita 79, gramu 794
- 32/29: sentimita 81, gramu 822
- 33/30: sentimita 84, gramu 850
- 34/31: sentimita 86, gramu 879

Mwambie asimame wima, mikono imelegea, gongo likisimama pembeni ya mguu: kifundo kifike kwenye kiganja. Kisha alishike mwisho wa mpini kwa mkono mmoja na kulinyoosha pembeni usawa wa bega kwa sekunde 20 hadi 30. Likianza kuinama kabla, shuka inchi moja. Wengi wa miaka 14 na 15 wanaangukia 31 au 32, ingawa kila mmoja atataka 33 kwa kuwa ndilo la kaka zake. Usikubali kununua "la kukulia". Gongo si sare ya shule.

Magongo mawili ya 32/29 yanaweza kuwa tofauti mkononi. Lenye uzito uliorundikwa kwenye ncha huhisi zito na linataka mabega. Lililosawazishwa ni rahisi kulituliza. Anayeanza apewe la pili.

Hatua ya 4: Likague ukiwa bado dukani

Kwa jipya dakika mbili zinatosha. Liviringishe juu ya kaunta bapa utazame kama kichwa kinaruka mahali. Litikise karibu na sikio. Sauti ya changarawe maana yake ni kipande cha gundi au cha kizibo kimekatika ndani. Jaribu kukizungusha kizibo kwa vidole, kisiende.

Kwa lililotumika, ongeza haya:

1. Kwa aluminiamu, funga macho upitishe ncha za vidole kuzunguka kichwa chote. Vidole hupata mbonyeo ambao macho yanaukosa. Ukiwa na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), pima kipenyo mahali palepale kwa pande mbili zinazopishana robo mzunguko. Vipimo visipolingana, limeshakuwa yai.
2. Kwa kompositi, tofautisha mikwaruzo ya rangi na ufa. Mistari kama utando wa buibui iliyo kwenye rangi tu ni kawaida. Ufa hunasa ukucha ukiupitisha kwa kukatiza. Kisha ligonge taratibu kwa sarafu kuzunguka kichwa: mlio ukizama mahali pamoja, tabaka zimeachana hapo.
3. Kwa mbao, fungua mkanda wa mpini kama muuzaji anakubali. Ufa wa mpini hujificha chini yake, na mkanda mpya kwenye gongo kuukuu ni sababu ya kuuliza.

Gongo lenye ufa au mbonyeo huondolewa mchezoni na mwamuzi hata kama bado linapiga. Na waranti kwa kawaida haihami na gongo, ni ya mnunuzi wa kwanza tu.

Magongo ya Kijapani, kwa walioko Dar es Salaam

Besiboli ya sekondari Tanzania imelelewa kwa sehemu kubwa na Wajapani, kwa hiyo stoo ya vifaa ya mwalimu inaweza kuwa na magongo yenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Herufi ya kwanza ndiyo muhimu. Japani wana michezo miwili: wa mpira mgumu wa ngozi, na wa mpira laini, mtupu ndani, uliotengenezwa kwa raba. Gongo la mpira mgumu huandikwa 硬式. La mpira laini huandikwa 軟式, au huwa na herufi JSBB, alama ya shirikisho la mpira laini la Japani. Hilo la pili ukilipigisha mpira wa ngozi linabonyea mara moja. Lipo pia lenye kichwa cha povu, kama Beyondmax ya Mizuno, ambalo ni la raba peke yake. Mpira wa ngozi unalitafuna. Yatenge kwenye kona yake na uyafunge utepe wa rangi, maana wanafunzi hawatasoma herufi saa ya mazoezi.

Gongo la chuma la sekondari za Japani halipungui gramu 900, zito kuliko 33/30 ya Marekani. Tangu msimu wa machipuko wa 2024 kipenyo cha juu kimeshuka kutoka milimita 67 hadi 64, na ukuta umeongezwa kutoka milimita 3 hadi 4 hivi ili mpira usitoke kwa kasi ya kumdhuru mrushaji. Kwa anayetafuta uimara hiyo ni habari njema. Ukipewa kuchagua kati ya la 67 na la 64, chukua la 64 kwa matumizi ya timu nzima, na wadogo uwatafutie jepesi, kwa sababu gramu 900 kwa kijana wa kidato cha pili ni mzigo. Lile la zamani bado ni gongo zuri la mazoezi.

Mbao kwenye unyevu wa pwani inanyonya maji na kuongezeka uzito. Ihifadhi ndani, mbali na sakafu ya saruji, wala usiianike juani ili ikauke upesi, itapasuka.

Hatua ya 5: Kulitunza bila kulibembeleza

Nunua au omba gongo kuukuu la aluminiamu kwa ajili ya mashine na mipira iliyolowa. Hakuna kinachoongeza maisha ya gongo zuri kuliko hili la pili lisilo na thamani. Mpira wa ngozi uliolala kwenye majani yenye umande unanyonya maji na kuwa mzito. Ukiwa wa namna hiyo, toa kuukuu.

Usiliache kwenye buti la gari, kiangazi wala kipupwe. Joto linalegeza gundi ya kizibo na ya kiungo, baridi inalifanya lianze mechi likiwa limeganda. Wachezaji wana tabia ya kugonga soli za viatu kwa kichwa cha gongo ili udongo utoke. Soli wazigonge kwa mkono. Kukaa juu yake kama kigoda nako kunaua kiungo.

Gongo la kompositi la mchezaji mmoja lisitumiwe na timu nzima. Watoto kumi na tano wakilitumia gongo moja la kompositi, mapigo ya msimu mzima yanaisha kwa wiki chache, halafu mwenye gongo anaambiwa lilikuwa feki.

Kila Jumamosi lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na urudie ukaguzi wa vidole. Mkanda ukianza kuteleza badilisha, kwa kuwa gongo linaloteleza linakamatwa kwa nguvu mno na kugonga vibaya.

Likivunjika

Waranti ya kawaida ni mwaka mmoja tangu siku ya kununua, kwa duka linalotambuliwa na mtengenezaji. Acha kulitumia mara unapoona ufa, kwani ukiendelea mpaka limeachana vipande viwili watasema umelilazimisha. Piga picha ufa wenyewe, alama ya BBCOR, namba ya modeli na gongo zima. Usitoe kizibo kuchungulia ndani: kizibo kilichoguswa ni sababu tosha ya kukataliwa. Watengenezaji wengi wanabadilisha mara moja tu, na gongo jipya halianzi mwaka mpya, linamalizia ule wa kwanza.

Watataka risiti. Karatasi ya mashine za dukani hufutika ikikaa kwenye joto, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo kabla hujatoka kwenye maegesho.